Mwalimu wa elimu maalumu amefika shuleni: nimkabidhi mtoto au nibaki naye?

SWALI: Nafundisha Darasa la III lenye wanafunzi 78. Mmoja wao ana ualbino na anaona kwa shida. Nimemkalisha dawati la mbele, lakini bado hanakili kazi ya ubaoni, na daftari analisogeza hadi linakaribia kugusa pua. Mwezi huu tumeletewa mwalimu wa elimu maalumu. Mwalimu mkuu anataka mtoto ashinde naye kwenye chumba cha kitengo cha elimu maalumu na aanze kufundishwa nukta nundu (maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole). Kazi ya mwalimu huyu ni ipi hasa, na mimi nabaki na ipi? (Mwalimu wa shule ya msingi, mkoani Simiyu)

JIBU: Mtoto abaki kwako, Mwalimu. Mwenzako hakuja kukupokonya mwanafunzi. Amekuja kuhakikisha kile unachofundisha kinamfikia. Kumhamishia kitengoni kutwa nzima ndilo kosa linalofanyika mara nyingi, na matokeo yake ni kwamba ndani ya mihula miwili mtoto anakuwa nyuma ya wenzake katika kila somo, wakati akili yake haina tatizo lolote.

Nukta nundu nazo zisubiri. Mtoto mwenye uoni hafifu akipewa karatasi ya nukta nundu huzisoma kwa macho badala ya vidole: anainamia vinundu vyeupe juu ya karatasi nyeupe, anachoka, na anasoma polepole kuliko angesoma maandishi makubwa. Uoni wa mwenye ualbino kwa kawaida haupungui kadiri anavyokua, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwandalia upofu. Nukta nundu zifikiriwe ikiwa upimaji utaonyesha kwamba hata kwa maandishi makubwa na lenzi bado hawezi kusoma kwa kasi ya kumtosha.

Upimaji huo ndio kazi ya kwanza ya mwalimu wa elimu maalumu. Yeye si daktari. Miwani na uchunguzi wa macho ni vya hospitali, naye ndiye anayesukuma rufaa hiyo. Anachopima yeye ni jinsi mtoto anavyoyatumia macho aliyonayo: anasoma ubao akiwa umbali gani, herufi za ukubwa gani zinamtosha kitabuni, anasoma maneno mangapi kwa dakika moja, na hali inabadilikaje jua linapoingia dirishani. Afanye asubuhi na arudie mchana, kwa sababu mwanga mkali humsumbua sana mwenye ualbino. Aangalie pia kama mtoto huinamisha au kugeuza kichwa upande mmoja. Macho yanayochezacheza hutulia kidogo kwenye pembe fulani, na mtoto ameigundua mwenyewe. Usimwambie "kaa vizuri". Mkalisheni upande unaoendana na pembe hiyo, mgongo wake ukiwa dirishani.

Sasa tuje kwenye dawati la mbele, maana hapo ndipo wengi tunadhani tumemaliza kazi. Tuseme hospitali imeandika 6/60, yaani anachokiona akiwa mita 6, mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60. Kwa mita 3, umbali wa kawaida wa dawati la kwanza, herufi ndogo kabisa anayoweza kuitambua ina urefu wa takriban sm 4.4, na ili asome bila kujikamua inahitajika kama mara mbili ya hiyo. Wewe unaandika herufi za sm 3 au 4. Kwa hiyo hapo ulipomweka anaona michirizi tu. Akisogea hadi mita 1, mpaka wake unashuka hadi sm 1.5, na maandishi yako yaleyale yanasomeka. Dawa ya kwanza basi haina gharama: aruhusiwe kusimama na kwenda ubaoni wakati wowote, na darasa lizoee. Pili, tamka kila unachoandika. Ukisema "hii jumlisha ile", yeye hajapata kitu. Sema "47 jumlisha 38".

Ubao wenyewe ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Ukijaa vumbi la chaki unakuwa wa kijivu na maandishi yanazama. Chaki nyekundu na ya bluu ziachwe, hata kama zinapendeza kwenye michoro.

Dawa ya tatu inamhitaji mwenzako: nakala ya kazi ya ubaoni, iliyo tayari juu ya dawati kabla kipindi hakijaanza. Mashine ya kudurufu ikikuza A4 kuwa A3, herufi za pointi 12 (ukubwa wa kawaida wa maandishi yaliyochapwa) zinakuwa 17 tu, na karatasi hiyo haienei kwenye dawati la watoto watatu. Mara nyingi ni bora kuandika kwa mkono, kalamu nyeusi ya wino mzito, kwenye karatasi ya kawaida. Daftari la mtoto nalo lichorwe upya mistari myeusi yenye nafasi ya sm 2. Kusoma kwa karibu hakumharibu macho, muache.

Kitengoni aende dakika 30, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa yale usiyoweza kumfundisha katikati ya watoto 78: kutumia lenzi ya kukuzia (iwe karibu na jicho, kitabu ndicho kisogezwe), kupata mstari unaofuata bila kupotea, kuandika. Malengo yaandikwe kwa namna ya kupimika. "Aboreshe usomaji" si lengo. "Asome maneno 40 kwa dakika, herufi za pointi 24, ifikapo mwisho wa muhula" ni lengo. Wewe, mwenzako na mzazi mkae myapitie malengo hayo kila muhula.

Majaribio ya darasani yafuate utaratibu wa mtihani wa taifa: nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine, pamoja na karatasi ya maandishi makubwa. Mwenzako ahakikishe taarifa za mtoto zinaingizwa wakati wa usajili. Zikisahaulika, siku ya mtihani italetwa karatasi ya kawaida. Yeye pia ndiye wa kumweleza mwalimu mkuu kwa nini mtoto huyu anavaa kofia pana na mikono mirefu hata pale sare hairuhusu.

Upande wako ni kufundisha, kusahihisha, na kumpa mwenzako andalio la somo mapema. Ukimpa Alhamisi, Jumatatu nakala ziko dawatini. Ukimpa asubuhi ya kipindi, atakachoweza kufanya ni kukaa pembeni ya mtoto na kumnong'oneza majibu.