Niache kazi nianze siagi ya karanga?

Dada, umeuliza kama uache kazi ya mshahara ili utengeneze siagi ya karanga nyumbani. Usiache bado. Anza na kilo 5 mwishoni mwa wiki. Mshahara ndio utakaokushikilia wakati wateja wanakopa na mzigo umelala.

Kazi kubwa iko kwenye kuchambua, wala si kusaga. Toa kila punje yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi, maana hapo ndipo sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, hujificha, na kukaanga hakuimalizi. Usizisage eti zisipotee, watakaokula ni watoto wa watu! Kaanga kwa moto mdogo ukigeuza mpaka ziwe kahawia hafifu, zipoe, pukuta maganda, saga mara mbili. Chumvi gramu 8 hadi 10 kwa kilo inatosha. Maji yasiingie hata tone, kwani chupa yenye unyevu huota ukungu. Mafuta kuelea juu ni kawaida, mteja akoroge tu.

Wengi huangukia kwenye hesabu. Kilo 1 ya karanga mbichi, ukishachambua, kukaanga na kumenya, hubaki kama gramu 850. Gawa gharama kwa hizo, kisha ongeza chupa, lebo, mkaa, nauli na ujira wako. Ukiusahau ujira, utaona faida ambayo haipo. Pitia SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo Tanzania, upate mafunzo ya usindikaji kabla ya kuomba alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Faida ikifikia mshahara wako miezi 6 mfululizo, hapo andika barua ya kuacha kazi.