Gharama za rufaa za pensheni za vita

Umeuliza kwa nini gharama za mabaraza ya rufaa za pensheni za vita (malipo kwa walioumia au kuugua kwa sababu ya utumishi jeshini) nchini Uingereza hazishuki sambamba na idadi ya mashauri. Shauri linalofika kikaoni kwa kawaida husikilizwa na watu 3, yaani mwanasheria, daktari na mtu aliyewahi kutumikia jeshini, iwe jalada ni jembamba au limefungwa kwa kamba. Mkata rufaa halipi ada ya kufidia gharama hiyo. Mwaka 2008 mabaraza ya England na Wales yaliingizwa katika mfumo mmoja na mabaraza mengine (ya Scotland na Ireland Kaskazini yalibaki pembeni), lakini kulinganisha vipimo vya masikio vya mpiga mizinga mstaafu na kumbukumbu zake za utumishi ni kazi isiyopunguzwa na kuunganisha ofisi.