Grisi niliyopaka ndiyo iliyokwamisha slaidi yangu

Mwaka wangu wa kwanza na gari-nyumba nilifanya kosa ambalo wakati ule niliona ni bidii. Slaidi, kile chumba kinachotoka ubavuni mwa gari kama mtoto wa meza ukishaegesha, ilikuwa imeanza kulia. Mlio mwembamba, wa chuma juu ya chuma. Nikachukua kopo la grisi nzito, ile ya beringi za magurudumu, nikajipenyeza uvunguni na kuzipaka reli zote mbili mpaka meno yakawa hayaonekani. Mlio ukaisha siku hiyohiyo, nami nikajipongeza.

Miezi minne baadaye slaidi ikawa inatoka kwa kusitasita, upande mmoja umetangulia na mwingine unajikokota. Mlio nao umerudi, safari hii mnene. Niliporudi uvunguni nikakuta grisi yangu imekuwa uji mweusi wa vumbi la barabara, mchanga na vipande vya majani. Ukiusugua kati ya vidole viwili unakwaruza kama msasa. Uji huo ndio uliokuwa ukisagwa kati ya gia na reli kila nilipobonyeza swichi. Kuutoa kulinichukua siku nzima, kwa dawa ya kuondoa grisi, matambara na mswaki mkuukuu, nikiwa nimelala chali na uchafu unanidondokea usoni.

Tangu hapo nina msimamo mmoja, na wako wenye magari haya wanaobishana nami: slaidi nyingi huharibiwa na uchafu na maji kabla hazijaharibiwa na ukosefu wa mafuta. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kufuta. Kupaka huja baadaye, tena kidogo.

Kabla hujapaka chochote, jua slaidi yako inasukumwa na nini. Ziko za gia na reli yenye meno, ambapo mota moja huzungusha mhimili unaopita chini ya sakafu na kusukuma pande zote mbili kwa pamoja. Ziko za haidroliki, zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo. Ziko zinazovutwa na nyaya za chuma zilizopita kwenye kapi. Na ziko zile ambazo mfumo wake umejificha ndani ya ukuta wenyewe, kila upande na mota yake ndogo, maarufu kwa jina la Schwintek. Mtu wa haidroliki akifuata ushauri wa mtu wa nyaya atajiletea kazi bure.

Kwa slaidi ya gia na reli, kama yangu, toa slaidi yote nje, kisha futa reli kwa tambara kavu. Penye uchafu mgumu tumia mswaki. Halafu nyunyiza kilainishi kikavu, kile cha silikoni au cha PTFE (ile Teflon ya vikaango), ambacho umajimaji wake huruka hewani na kuacha utando mwembamba usionata. Ingiza slaidi na kuitoa mara mbili ili utando usambae, kisha futa kilichozidi. Ukigusa reli na kidole kikatoka na mafuta, umezidisha. Mimi hufanya hivi mara mbili kwa mwaka, na mara ya ziada kila nikitoka kwenye barabara ya vumbi au pwani, kwa sababu chumvi hula chuma kimyakimya.

Wengi hukimbilia WD-40 kwa kuwa ndilo kopo lililo karibu. Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji, na namba 40 ni jaribio la arobaini, lililofanikiwa mwaka 1953. Kufukuza maji na kulegeza bolti yenye kutu inaviweza vizuri. Lakini kopo lile la kawaida si kilainishi cha kudumu kwenye reli inayobeba uzito wa kochi, kabati na watu waliokaa. Mimi hulitumia kusafishia tu, kisha nafuta.

Wenye haidroliki wana kazi ndogo zaidi: futeni zile fimbo zinazong'aa, angalieni kama kuna unyevu kwenye maungio ya mipira ya mafuta, na pimeni kiasi cha mafuta kwenye tangi slaidi zote zikiwa ndani. Msipake kitu kwenye fimbo. Wenye nyaya, kazi yenu ni kuangalia kama kuna waya uliolegea au ulioanza kuchanika nyuzi. Waya uliolegea hupinda slaidi, na hakuna grisi itakayounyoosha.

Mfumo wa ndani ya ukuta nauheshimu kwa woga kidogo. Mota zake mbili zinapaswa kwenda sambamba, na kifaa cha kielektroniki ndicho kinachozilinganisha. Ukiwa na tabia ya kuachia swichi katikati, ukairudisha kidogo, ukaitoa tena, utazivuruga. Itoe mpaka mwisho bila kusimama, na ikifika endelea kushikilia swichi sekunde chache ili mota zote mbili zifike na zijue zimefika. Jirani mmoja tuliyeegesha naye aliachia swichi kila aliposikia slaidi imegusa ukuta. Baada ya msimu mmoja slaidi yake ilikuwa inaingia kimshazari.

Sasa mipira ya kuziba maji. Hapa ndipo ningependa ukae kidogo, maana mota ikifa utanunua nyingine, ila sakafu ikioza utabomoa gari.

Kuzunguka slaidi kuna mipira ya aina mbili. Mmoja ni wa duara, wenye tundu ndani, unaobanwa slaidi inapofunga. Mwingine ni ulimi bapa unaopangusa ukuta wa slaidi inapotembea. Ukishatoa slaidi, shuka uzunguke nje uutazame ule ulimi: ncha yake iwe imelala kuelekea nje, ili maji yateremke na kudondoka chini. Mara nyingine kipande hubaki kimekunjwa kuelekea ndani, na hapo mpira wenyewe unageuka mfereji wa kuingiza mvua. Kigeuze kwa mwiko wa mbao au wa plastiki. Usitumie bisibisi, utautoboa.

Osha mipira kwa maji na sabuni laini, ikaushe, kisha ipake kitunza mpira kisicho na mafuta ya petroli. Hili nalisisitiza kwa kuwa nililikosea pia: grisi ile ya mwaka wa kwanza ilirukia mpira wa chini, ukavimba na kulegea kama mkate uliolowa. Mpira ulioachwa mkavu nao una lake. Hunata ukutani slaidi ikikaa miezi bila kutembea, na siku ukibonyeza swichi unachanika. Ndiyo maana hata gari likiwa limeegeshwa mimi hutoa na kuingiza slaidi mara moja kwa mwezi.

Pembe mbili za chini ndizo ninazozishuku kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila baada ya mvua kubwa nazibonyeza kwa dole gumba, ndani na nje. Mbao ikibonyea, au zulia likitoa harufu ya ukungu, maji yameshaingia zamani.

Na paa la slaidi! Watu hulisahau kwa sababu halionekani ukiwa chini. Majani, vijiti na maji yaliyotuama juu yake huingia nawe ndani slaidi inapofunga. Kijiti kimoja kinatosha kuchana ule ulimi. Mimi hubeba ngazi fupi na ufagio wa mpini mrefu, na sifungi slaidi asubuhi kabla sijafagia juu. Ukiwa na turubai linalojikunja lenyewe juu ya slaidi, lifagie hilo pia.

Kuhusu umeme sina mengi. Slaidi nyingi huendeshwa na betri ya volti 12, na betri dhaifu huifanya mota itembee polepole na ipate moto. Betri ya kawaida ya asidi ikiwa imejaa na imetulia husoma kama 12.6. Ikishuka chini ya 12.4 mimi huchomeka gari kwenye umeme kwanza. Gari pia liwe sawa kwa pima maji. Kama uanze na miguu ya kusawazishia gari au uanze na slaidi, watengenezaji wenyewe hawakubaliani, fuata kitabu cha gari lako. Na kama una vyuma vya kuzuia slaidi wakati wa safari, vitoe kabla ya kugusa swichi. Usicheke, nimewaona wakisahau.

La mwisho ni ule mkono wa kuzungushia slaidi umeme ukikata. Fyuzi yangu iliungua jioni ya mvua, slaidi ikiwa nusu nje, na nilitambaa kwenye tope karibu saa nzima nikitafuta tundu la kuingizia mkono huo. Lilikuwa nyuma ya tairi, chini ya kifuniko cha plastiki kilichofanana kabisa na vifuniko vingine sita. Siku iliyofuata nilichora mshale mweupe kwenye fremu, na mkono wenyewe sasa unakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva.