Maaskofu wa Uingereza si mapambo: niliyoyaona nikiwa Durham

Wakuu, salaam. Nimeupitia uzi huu tangu mwanzo. Mleta mada ameuliza swali la maana: aliona kwenye televisheni maaskofu wamekaa katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge kule London, kanzu nyeupe na joho jeusi juu yake, akataka kujua nani aliwapigia kura na wanatafuta nini bungeni. Mchangiaji mmoja akamjibu kwamba wale ni mapambo ya kimila tu, wasikusumbue kichwa. Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni Mwanglikana wa Masasi. Nimeishi miaka 11 Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nisizokuwa na zamu najitolea kuelekeza wageni ndani ya kanisa kuu la Durham. Kwa hiyo haya nayaeleza kama mtu aliyeyakuta yamejengwa kwa mawe, akayasikia pia kwa wenyeji.

Kilichonifungua macho ni kiti. Ukiingia kanisa kuu la Durham ukasogea mpaka sehemu ya kwaya, upande wa kulia utaona ngazi za mawe zinapanda hadi kwenye roshani iliyochongwa na kupakwa rangi na dhahabu. Hicho ndicho kiti cha askofu. Alikijenga Askofu Thomas Hatfield, aliyeongoza dayosisi ile kuanzia 1345 hadi 1381. Wenyeji husimulia kwamba alituma watu Roma wakapime kiti cha Papa, kisha akaagiza chake kizidi urefu. Chini ya kiti, ndani ya tao, kuna kaburi lake mwenyewe, na sanamu yake ya alabasta imelala chali na mavazi yote ya kiaskofu. Kila askofu aliyemfuata anapanda ngazi zile na kukaa juu ya maiti ya Hatfield. Siku ya kwanza nilisimama pale nimeduwaa. Viti vya maaskofu niliowajua utotoni vilikuwa vya mbao, kijana mmoja akitumwa anakibeba begani. Hiki ni cha mtawala.

Na kweli alikuwa mtawala. Durham iko karibu na mpaka wa Scotland, na mfalme alikuwa mbali kusini. Waskoti wakivamia, kumngoja mfalme ni kungoja mavuno ya mwaka ujao. Basi wafalme wakampa askofu wa Durham mamlaka yao wenyewe: mahakama zake, majaji wake, sarafu zake, askari wake. Hatfield mwenyewe alifuatana na Edward III kwenda vitani Ufaransa mwaka 1346. Mamlaka hayo yalirudishwa kwa mfalme mwaka 1836 tu, alipokufa Askofu William Van Mildert. Huyo ndiye aliyesaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Durham mwaka 1832, na ngome ya maaskofu iliyo mkabala na kanisa kuu ikawa makazi ya wanafunzi. Mpaka leo wanafunzi wanakula chakula cha jioni katika ukumbi wa maaskofu.

Durham ilizidi nyingine kwa nguvu, lakini mahali pengine mambo yalikuwa ya namna hiyohiyo. Tangu Augustino alipofika Kent mwaka 597 akitumwa na Papa Gregori, makasisi ndio waliojua kusoma na kuandika. Mfalme akitaka mtu wa kutunza mhuri, hesabu na barua, anamchukua askofu. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau: zama zile askofu hakuoa. Ukimpa lodi ardhi, anamrithisha mwanawe, na mjukuu wake anaweza kukugeuka. Ukimpa askofu, akifa ardhi inamngoja askofu mwingine, na mfalme ana kauli katika kumpata huyo mwingine. Ndiyo maana walijazwa mashamba, na mwenye mashamba aliitwa kwenye baraza la mfalme. Hapo, mleta mada, ndipo viti ulivyoviona vilipoanzia. Maaskofu hawakuingizwa bungeni baadaye. Walikuwamo tangu bunge lilipoanza kuumbika.

Lakini kuwa mtu wa mfalme kulikuwa na bei yake. Thomas Becket mnamjua: rafiki wa Henry II, akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, akaanza kulitetea kanisa dhidi ya rafiki yake, na tarehe 29 Desemba 1170 mashujaa wanne wa mfalme wakamuua ndani ya kanisa lake. Anayenigusa mimi zaidi ni Simon Sudbury, ambaye huku kwetu hasemwi. Alikuwa Askofu Mkuu na papo hapo mkuu wa serikali ya mfalme, na serikali hiyo ikatoza kodi ya kichwa. Sisi tuliosimuliwa na babu zetu habari za kodi ya kichwa tunajua ilivyouma. Mwaka 1381 wakulima wakaandamana mpaka London, wakamtoa Sudbury katika Mnara wa London na kumkata kichwa. Fuvu lake bado limetunzwa katika kanisa la St Gregory, mji wa Sudbury alikozaliwa. Kwa macho ya wale wakulima hakuwa mchungaji hata kidogo, alikuwa mtoza kodi aliyevaa msalaba.

Mambo ya Henry VIII nitayapita haraka maana wengi mmeyasoma shuleni. Mwaka 1534 mfalme akawa mkuu wa kanisa badala ya Papa. John Fisher wa Rochester akakataa, akakatwa kichwa mwaka 1535. Binti wa mfalme, Mary, akaurudisha Ukatoliki, na mwaka 1556 Thomas Cranmer akachomwa moto Oxford, akiutanguliza motoni mkono wake wa kulia kwa sababu ndio ulioandika maneno ya kuikana imani yake. Cranmer ndiye aliyesimamia Kitabu cha Sala cha 1549. Sisi Waanglikana tukisali sala zetu kwa Kiswahili, nyingi tunazipokea kutoka mikononi mwake.

Mwaka 1642 maaskofu walifukuzwa bungeni, na mwaka 1646 cheo chenyewe kikafutwa. Walirudi baada ya ufalme, ulioangushwa miaka ile, kurejeshwa mwaka 1660. Kwa hiyo yeyote anayesema haiwezekani kuwaondoa, akumbushwe kwamba imeshafanyika.

Sasa nisikilizeni kuhusu mwaka 1688. Mfalme James II aliamuru tangazo lake la kusimamisha sheria za dini lisomwe makanisani kote. Maaskofu saba, akiwamo Askofu Mkuu William Sancroft, wakamwandikia kumwomba wasilazimishwe, kwa sababu mfalme hana uwezo wa kutangua sheria za bunge peke yake. Akawafunga kwenye Mnara wa London. Walipopitishwa mtoni kwa mashua, watu walipiga magoti kando ya mto wakiomba baraka zao. Tarehe 30 Juni baraza la wazee wa mahakama likawaona hawana hatia, London ikalipuka kwa shangwe, na siku hiyohiyo barua ya kumwita William wa Orange, mkwe wa James kutoka Uholanzi, ikatiwa saini. James akapoteza kiti. Na watano kati ya wale saba walikataa kumwapia mfalme mpya, maana kiapo chao kwa James kilikuwa bado kinawafunga. Walimpinga mfalme kwa sheria, kisha kiapo kilekile kikawagharimu vyeo vyao. Mapambo hayafanyi hivyo.

Nisiwafiche upande mchungu. Mwaka 1831 muswada wa kupanua haki ya kupiga kura uliangushwa na Baraza la Malodi kwa tofauti ya kura 41, na maaskofu 21 walikuwa miongoni mwa waliopinga. Wangekaa upande wa pili ungepita. Mwezi uleule watu wa Bristol waliichoma moto nyumba ya askofu wao. Na kuna Barbados. Shirika moja la misheni la Kianglikana, maaskofu wakiwa viongozi wake, lilirithi mashamba ya miwa ya Codrington pamoja na watumwa wake, na kwa miaka kadhaa watumwa wale walichapwa alama kifuani kwa chuma cha moto: jina la shirika lenyewe. Utumwa ulipofutwa, shirika lililipwa fidia ya zaidi ya pauni 8,800. Watumwa hawakulipwa kitu. Shirika hilo ndilo ambalo mwaka 1965 liliungana na UMCA, misheni iliyoleta injili Zanzibar na Masasi, iliyojenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Nilipojifunza haya nilikaa wiki nzima siwezi kwenda kanisani. Sinodi ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006, na ilipaswa kuomba.

Nirudi Durham, kwa sababu huko ndiko nilikoelewa askofu anageukaje. Mkoa ule uliishi kwa makaa ya mawe. Mwaka 1892 wenye migodi waliwafungia wachimbaji nje karibu miezi mitatu, njaa ikaingia majumbani. Askofu Brooke Foss Westcott, msomi wa Agano Jipya la Kigiriki, akaziita pande zote mbili kwenye jumba lake la Auckland tarehe 1 Juni, na siku hiyo wakaafikiana. Lakini mwaka 1925 askofu alikuwa Hensley Henson, aliyekuwa akiwashambulia wachimbaji waziwazi kwa migomo yao. Siku ya sherehe yao kubwa ya mwaka walimwona kasisi mwenye kofia ya kikanisa karibu na mto Wear, wakadhani ni yeye. Almanusura wamtumbukize majini. Kumbe alikuwa James Welldon, mkuu wa makasisi wa kanisa kuu, polisi wakamwokoa.

Kisa hiki sikukisoma mara ya kwanza. Alinisimulia mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, mchimbaji mstaafu, vidole vyake vimepinda na makovu ya bluu mgongoni, maana vumbi la makaa likiingia kwenye jeraha halitoki tena. Baba yake alikuwamo katika umati ule. Nilikuwa namfunga vifungo vya shati, naye akanieleza jinsi baba yake alivyokuwa akirudia mpaka uzeeni: tulimkosa mwenyewe. Halafu akaniambia kuhusu 1984, yeye mwenyewe akiwa kwenye mgomo. Askofu mpya, David Jenkins, alisimama kwenye mahubiri yake ya kutawazwa mwezi Septemba, mbele ya wakubwa wote, akasema wachimbaji wasishindwe, na mwafaka utafutwe bila upande mmoja kujitangazia ushindi. Mzee hakuwa mtu wa kanisa. "Sisi tulikuwa tunaitwa maadui wa nchi," alisema, "na yule alituita watu."

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja. Malodi maaskofu ni 26: Canterbury, York, London, Durham na Winchester wana viti vya kudumu, na 21 wengine huingia zaidi kwa kufuata ukubwa kazini, ingawa sheria ya 2015 iliwapa wanawake kipaumbele. Wa kwanza kuingia kwa sheria hiyo alikuwa Rachel Treweek wa Gloucester. Hakuna raia anayewapigia kura. Kamati ya kanisa inapendekeza jina, waziri mkuu analipeleka kwa mfalme, na askofu mpya anapiga magoti mbele ya mfalme mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya mfalme. Si kama kwetu, ambako sinodi ya dayosisi ndiyo inayochagua. Hawana chama, mmoja wao husoma sala kila siku kabla ya kikao, na akistaafu kiti kinakwisha. Tena ni maaskofu wa England tu. Sisi tunasema Uingereza tukimaanisha nchi nzima, lakini Wales kanisa lilitenganishwa na serikali mwaka 1920, na kanisa la taifa la Scotland halina maaskofu kabisa.

Na si kila askofu ana kiti. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wetu Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, bibi yangu alipata kipaimara kwa mikono yake. Aliporudi kwao alifanywa askofu wa Stepney, mashariki ya London, cheo cha msaidizi kisicho na kiti. Alipambana na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini kwa sauti yake tupu, na alisikika.

Je, waondolewe? Zamani ningesema ndiyo bila kusita. Sheria isitungwe na mtu asiyechaguliwa, na hilo bado naliamini. Kilichonitikisa ni Juni 2022, serikali ilipotaka kuwapeleka Rwanda watu wanaoomba hifadhi. Maaskofu wote 25 waliokuwa barazani wakati ule walitia saini barua moja wakisema sera hiyo inaiaibisha Uingereza. Kazini kwangu wenzangu wawili walikuwa wanangoja majibu ya hifadhi. Mmoja wao, dada wa Kikongo, aliipiga picha barua ile gazetini akaihifadhi kwenye simu. Hakujua askofu hata mmoja kwa jina. Alinionyesha saini zile akaniuliza, kaka, hawa wote ni wakubwa? Nikamwambia ndiyo. Basi ningeviacha viti vile, nivipunguze labda, mpaka pale tutakapokuwa na uhakika kwamba barua ya namna ile ingesomwa hata kama aliyeiandika hana kiti.

Yule mzee alifariki miaka michache iliyopita. Julai ya mwisho ya uhai wake, siku ya sherehe ya wachimbaji, Jumamosi ya pili kama ilivyo kila mwaka, nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu nyuma ya bendera ya hariri ya mgodi wake, matarumbeta yanapigwa polepole, tukaingia kanisa kuu mpaka chini ya kiti cha Hatfield. Bendera mpya zikabarikiwa. Akavua kofia yake, akaiweka mapajani, na hakuivaa tena mpaka tulipotoka nje.