Chora Mishale Kabla ya Kushika Kikokotoo

Juzi usiku kijana wa kidato cha tano anayesoma tuisheni kwangu Mbagala aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimepata sentimita 20, kitabu kinasema 100. Kitabu kimekosea?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa sentimita hizo 20 niliwahi kuzipata mimi pia, na mwalimu wetu akalisoma jibu langu mbele ya darasa zima kwa sauti ya dhihaka ambayo hadi leo haijanitoka masikioni.

Swali lenyewe ni hili: chaji chanya ya mikrokulombi 9 na chaji hasi ya mikrokulombi 4 zimeachana kwa sentimita 50, uga wa umeme, yaani msukumo au mvuto ambao chaji ndogo chanya ingeupata ikiwekwa mahali fulani, unakuwa sifuri wapi? Kwa kuwa uga hupungua kwa mraba wa umbali, niligawa 9 kwa mraba wa umbali mmoja na 4 kwa mraba wa umbali wa pili, nikasawazisha, nikatafuta kipeuo, na hesabu ikanipeleka sentimita 20 kutoka chaji ndogo, katikati ya chaji hizo. Hesabu haikuwa na kosa. Mahali hapo nyuga mbili zinalingana kweli kwa ukubwa, ila chaji chanya inasukuma kuelekea kwenye hasi, nayo hasi inavuta kuja kwake, hivyo zinajumlishana badala ya kufutana.

Wewe unayeota kusomea uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chora kwanza mishale inayoonyesha uga wa kila chaji unaelekea wapi. Chaji zikiwa za aina moja, mishale hukabiliana katikati. Zikiwa tofauti, hukabiliana nje tu, na lazima uende upande wa chaji ndogo, maana upande wa kubwa ile ndogo iko mbali zaidi na haina ubavu wa kuishinda. Nasema tena, chora mishale. Mimi nilijaza kurasa za nyuma za daftari kwa kalamu nyekundu wiki nzima baada ya aibu ile, na hakuna aliyenielekeza.

Kijana nilimwambia hayo tu, bila kumpa jibu. Kabla ya saa sita usiku alinitumia picha ya ukurasa wake: nukta iliyo sentimita 100 nje ya chaji hasi, mishale miwili ikitazama pande tofauti, na chini yake, kwa mwandiko wa haraka, 4 gawanya kwa 10,000 (mraba wa 100) na 9 gawanya kwa 22,500 (mraba wa 150), zote mbili 0.0004.