Jibu: -ya- ya Kixhosa haitengi shamirisho na chagizo

Mkuu, umeuliza kama kiambishi -ya- cha Kixhosa (lugha ya Kibantu ya Afrika Kusini) ndicho kinachotenga shamirisho (kinachotendwa) na chagizo (maelezo ya mahali, wakati au namna), maana umeona "ndiyafunda" (nasoma) lakini "ndifunda incwadi" (nasoma kitabu), na -ya- haipo tena. Nimeishi eMonti (East London), kule Eastern Cape, nikifanya kazi na Waxhosa, na swali hili nimelisikia kwa Waswahili wengi. Jibu ni hapana.

-ya- haijali kinachofuata ni nini. Inaangalia tu kama kuna kitu kinachofuata ndani ya kirai kilekile cha kitenzi, yaani kitenzi na maneno yanayofungamana nacho. "Uyasebenza": anafanya kazi, umemaliza. "Usebenza eKapa": anafanya kazi Cape Town. -ya- imeondoka, na eKapa ni chagizo tu. Wakati uliopita ni hivyohivyo, ila huko ni -ile inayofupishwa kuwa -e: "ndihambile" (nimeondoka), lakini "ndihambe izolo" (niliondoka jana). Hakuna atakayekuambia jana ni shamirisho.

Kama unataka kupima, uliza kama hiyo nomino inaweza kuingia ndani ya kitenzi. "Ndiyayifunda" (nakisoma): incwadi imeingia kama -yi-. eKapa huwezi kuipachika hivyo. Kisha geuza kauli iwe ya kutendwa: "incwadi ifundwa ngabantwana", kitabu kimekuwa kiima. eKapa haikupi sentensi ya namna hiyo.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Sisi husema "namwona Thandi", na bila -m- sentensi inachechemea. Mxhosa akisema "ndibona uThandi", hakuna kiambishi cha Thandi na sentensi ni nzima, Thandi yumo ndani ya kirai. Akisema "ndiyambona uThandi", sikiliza vizuri: silabi ya pili kutoka mwisho wa kitenzi inavutwa, "ndiyambo-ona", kana kwamba sentensi imeishia hapo. Ni kama "namwona, huyo Thandi". Jina limetoka nje ya kirai, ndiyo maana -ya- imerudi. Ukibandika kiambishi kila mahali kwa mazoea ya Kiswahili, utaeleweka, lakini utasikika kama mtu anayezungumzia jambo lililokwisha kutajwa.

Kauli ya kutendea (kufanya kitu kwa ajili ya mtu, kama -pikia) haitakusumbua. "Umama uphekela abantwana inyama", mama anawapikia watoto nyama. Bila -el- watoto hawana nafasi kwenye kitenzi. Ikiingia wanakuwa shamirisho kamili, na unaweza kusema "abantwana baphekelwa inyama". Hata majina ya vyumba yanafanana na yetu: "igumbi lokulala" ni chumba cha kulala, bila kutendea, lakini "igumbi lokutyela" ni chumba cha kulia, na kutendea imo. Nilicheka nilipoligundua hilo.

Penye utata ni kifaa. Sisi tuliosomea Kenya tulifundishwa kuwa kisu katika "alikata nyama kwa kisu" ni shamirisho ala (kifaa), pamoja na kipozi (kinachotendwa) na kitondo (anayetendewa). Kwa maoni yangu huo mgawanyo unaangalia maana, si umbo, na kwenye Kixhosa haufai kitu. "Usika inyama ngemela": imela imevishwa nga-, haiingii kwenye kitenzi, na ukiifuta sentensi inasimama. Iweke kwenye chagizo.

Lakini usikimbilie kusema kila kisicho shamirisho ni chagizo. Chukua "beka incwadi etafileni", weka kitabu mezani. Etafileni haipiti vipimo vya hapo juu, ila ukiiondoa, msikilizaji atakuuliza wapi. Kitenzi -beka kinadai mahali, kama -weka chetu. Kwa hiyo ni kijalizo (neno la kukamilisha kitenzi) kinachohitajika japo si shamirisho, na umbo la e-...-ini peke yake halikuambii lolote.

Ukikwama kwenye vitenzi vyenye shamirisho mbili kama -nika (kupa), andika sentensi zako hapa tuzichambue.