Kuonja mvinyo mwekundu uliokomaa nyumbani, kwenye joto la Dar

Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu “kwa joto la chumba” ulitoka Ulaya, enzi ambazo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Februari hupita nyuzi 30. Kwa joto hilo hata chupa nzuri kabisa itakunukia pombe tu, na harufu zilizochukua miaka kujijenga hutazipata.

Kwa hiyo, kama utashika jambo moja, shika hili: simamisha chupa wima kwenye friji tangu jana yake, kisha itoe saa moja hivi kabla ya kumimina. Kuisimamisha kuna faida ya pili. Mvinyo unapozeeka, sehemu ya rangi na vile vitu vinavyoleta ukakasi mdomoni huungana na kuzama. Ndiyo mashapo unayoyaona chini. Mimina polepole, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kwa chini, na acha mara mashapo yanapoikaribia shingo. Kizibo cha miaka mingi hukatika, basi usikivute kwa pupa. Na tafadhali, usiuache mvinyo mkongwe kwenye jagi saa nzima “upumue”. Mvinyo mchanga hufaidika na hewa. Mzee hupoteza harufu upesi, wakati mwingine ndani ya nusu saa.

Mimi sishauri kununua mvinyo mchanga na kuufungia kabatini miaka kumi. Joto letu litauua. Nunua uliokwisha kukomaa. Rioja ya Hispania yenye maandishi Gran Reserva ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kanuni zao zinadai angalau miaka 5 kabla haijauzwa, miwili kati yake kwenye pipa la mwaloni. Dukani kagua kizibo: kikiwa kimechomoza, au shingo inanata, chupa ilipata joto kali njiani. Iache hapo, hata kama bei imepunguzwa.

Ukishamimina, inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa mvinyo uliokomaa huelekea rangi ya matofali. Nusa kabla ya kunywa: tende, ngozi, tumbaku, uyoga, udongo uliopata mvua. Ukinusa boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu, na hakuna dawa. Kula nao nyama choma yenye chumvi tu. Pilipili na kachumbari ya ndimu viweke mbali, vinaufunika kabisa.

Lakini jioni ianze na mvinyo wa mapovu. Shampeni ya Ufaransa ni ghali, na kwa kuonja nyumbani sioni sababu ya kung’ang’ania jina. Afrika Kusini wanatengeneza Cap Classique kwa njia ileile, mvinyo ukichachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe. Shamba la Simonsig, Stellenbosch, ndilo lililoanza, na Kaapse Vonkel yao ya 1971. Ipoze hadi nyuzi 8 au 10; ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji hupoza haraka kuliko barafu tupu. Usiifungue ikiwa na joto! Msukumo wa ndani ni zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, na joto huuongeza. Elekeza chupa pasipo na mtu, kamata kizibo kwa nguvu tangu unapolegeza waya, halafu zungusha chupa, siyo kizibo.

Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo, maana ile nyembamba ndefu hubana harufu. Pembeni weka sambusa, bagia au korosho za chumvi: mafuta na chumvi vinapatana mno na uchachu wa mapovu.

Ukibaki wa mapovu, funga kwa kizibo cha kubana, rudisha kwenye friji, utafaa kesho. Ule mkongwe umalizeni usiku huohuo.